Ukatili wa majumbani: saa 72 za kuokoa afya

Kwa baridi ya Tukuyu milango hufungwa mapema, na yanayotokea ndani hubaki ndani. Mama akionekana asubuhi jicho limevimba, husema ameteleza. Mvua za Rungwe ni nyingi, nasi tunaamini. Lakini hesabu zinaeleza jingine.

Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa utafiti uliofanyika katika nchi 10, Tanzania ikiwemo. Dar es Salaam, wanawake 41 katika kila 100 waliowahi kuwa na mume au mwenza walisema amewapiga au amewaingilia kwa nguvu. Upande wa Mbeya, mkoani kwetu, walikuwa 56. Yaani zaidi ya nusu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 39 katika kila 100 wamewahi kupigwa tangu wafikishe miaka 15. Ule wa mwaka 2022 ulikuta 27. Kupungua huko ni kheri, ila bado ni zaidi ya mmoja katika kila wanne. Watoto nao hawakusalimika: utafiti wa mwaka 2009 ulionesha karibu wasichana watatu kati ya 10, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18.

Sasa tuje kwenye afya. Mtu akibakwa, familia nyingi hukimbilia kumwogesha na kufua nguo zake. Nia ni usafi, lakini maji huondoa ushahidi. Mpelekeni kwanza hospitali, kama ile ya wilaya ya Makandana hapa Tukuyu. Nguo zitieni kwenye mfuko wa karatasi. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa ikipita nguvu yake hupungua. Zipo pia za kuzuia mimba na magonjwa ya zinaa. Fomu ya PF3 hutolewa polisi, ambako lipo dawati la jinsia na watoto. Kwa mtoto, pigeni 116 bure.

Wapo wanaosema kumpiga mke ni haki ya mume. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinakataza. Na Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi.

Basi tukisikia kilio kwa jirani usiku, tusivute blanketi. Tukabishe hodi.