Krenki ya chensoo ikicheza, usikimbilie pistoni

KASINDI, Kongo

Mbao za misitu ya Ituri na Beni huvuka hapa Kasindi kuingia Uganda, na nyuma yake ipo misumeno ya moto, ile ambayo mafundi huiita chensoo. Mwenye kurejea nyumbani na mtaji mdogo hununua iliyotumika. Ikikosa nguvu, anashauriwa aweke pistoni na silinda mpya. Baada ya muda mfupi pistoni inakwanguka tena, na mtaji ndio huo umekwenda.

Mara nyingi ugonjwa uko chini, kwenye krenki. Fungua kifuniko cha stata, shika flaiwili uisukume juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha. Sili haiwezi kuziba shafti inayotikisika. Hewa huingia, petroli na oili hupungua ndani, pistoni huungua. Konrodi kutelea kidogo upande kwa upande si kosa, nafasi hiyo imeachwa na kiwanda. Lakini ikicheza juu na chini, tafuta krenki nyingine.

Simama karibu fundi anapofunga. Akiinua nyundo ya chuma juu ya krenki, mkatalie, ataipinda. Nyumba ya injini hupashwa moto, beringi zikaingia bila kupigwa. Boliti zikikazwa na krenki ikawa nzito, ncha zake hugongwa taratibu kwa nyundo ya plastiki hadi izunguke huru. Sili ziwe mpya.

Na sokoni, muuzaji akikuzuia kufungua kile kifuniko cha stata, mwachie mashine yake.