Vigezo vya Mstari wa Amri Katika Kuchuja Barua Taka

Mashamba ya maua yaliyotanda Timau, kando ya barabara ya Nanyuki kwenda Meru, huuza mawaridi yao Ulaya, na biashara hiyo, kuanzia oda ya mnunuzi hadi hati za mzigo wa ndege, hutegemea sana barua pepe. Barua taka, yaani ujumbe usioombwa unaomwagwa kwa maelfu ya watu kwa wakati mmoja, humpotezea karani wa mauzo muda. Lakini oda ya kweli ikitupwa pamoja na taka hizo hasara huwa kubwa zaidi, kwa kuwa ua lililokwisha kukatwa halina subira.

Mara nyingi seva ya barua, ambayo ni kompyuta inayopokea na kugawa barua pepe, haizichuji yenyewe, bali huita programu ya nje, huikabidhi barua na kungoja jibu. Mojawapo ya programu hizo ni SpamAssassin, iliyoanzishwa na Justin Mason mwaka 2001, ambayo huipima barua kwa kanuni nyingi, huzijumlisha alama, na jumla ikifika 5, kwa mpangilio wa kawaida, huihesabu barua hiyo kuwa taka. Maneno yanayoandikwa baada ya jina la programu wakati wa kuiita huitwa vigezo vya mstari wa amri, nayo ndiyo huiambia ifanye kazi kwa namna gani.

Kwa mfano, amri `spamc -u mauzo -s 1000000` huita programu ndogo inayoipeleka barua kwa SpamAssassin: `-u` huagiza barua ipimwe kwa mapendeleo ya mtumiaji aitwaye mauzo, na `-s` huweka kikomo cha ukubwa kwa baiti. Bila `-s`, kikomo huwa kilobaiti 500, na barua inayozidi hapo hurudishwa bila kupimwa, jambo linalostahili kuangaliwa sana mahali ambapo wanunuzi hutumiwa picha za mawaridi kila siku. Tena, huduma ya kupima ikizimika, spamc huiachilia barua ipite kama ilivyokuja, isipokuwa imepewa kigezo `-x`, ambacho huifanya itoe taarifa ya hitilafu. Kwa shamba la maua, kuiachilia ipite ni uamuzi wa busara, kwani taka kumi kwenye sanduku la barua ni nafuu kuliko oda moja iliyopotea.

Hatari kubwa hutokea pale kigezo kinapotokana na maandishi ya mtu wa nje, kama vile anwani ya mpokeaji iliyotajwa na mtumaji. Seva ikiunganisha anwani hiyo na amri kuwa mstari mmoja, kisha ikaukabidhi kwa sheli, yaani programu inayosoma na kutekeleza amri, alama kama nukta-mkato au mstari wima zinaweza kusomwa kuwa mwanzo wa amri nyingine. Hilo lilidhihirika mwezi Machi 2010 katika spamass-milter, programu inayoiunganisha SpamAssassin na seva ya barua: ilipowashwa kwa kigezo chake cha `-x`, ambacho maana yake ni tofauti kabisa na kile cha spamc, mtu aliye mbali aliweza kupachika amri ndani ya anwani, na seva ikaitekeleza. Ni jambo la kusikitisha kwamba mlango ulifunguliwa na chombo kilichowekwa kwa ajili ya ulinzi.

Tiba yake ni kuiondoa sheli katikati na kuukabidhi mfumo orodha ambayo kila kigezo kinasimama peke yake, ili anwani ibaki kuwa anwani hata ikiwa na alama gani ndani yake. Kwa programu zinazoielewa, alama ya `--` hutangulizwa kabla ya anwani, ili ile inayoanza kwa kistari isidhaniwe kuwa kigezo. Nywila nayo haipaswi kuandikwa kwenye mstari wa amri, kwa sababu katika mifumo mingi ya Linux kila mwenye akaunti kwenye mashine hiyo huweza kuiona kwa amri ya `ps`. Zaidi ya hayo, kichujio kiendeshwe kwa akaunti isiyo na mamlaka: mwaka 2010 pigo lilikuwa zito kwa sababu spamass-milter, ilipoendeshwa kwa akaunti ya msimamizi mkuu, ilimpa mvamizi mashine nzima.