Kusoma Pakiti ya Dawa: Funzo kutoka kwa Watoto wa Handeni na Korogwe

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa zamu ya usiku katika wodi ya watoto, nilimpokea mtoto wa miaka miwili aliyekuwa akiharisha kwa siku tatu. Kuharisha tunakuona kila siku, lakini hali ya mtoto huyu ilinishtua. Alikuwa na kiu isiyokatika, akilia kwa sauti kali na kushtukashtuka mwili. Mama yake hakuwa mzembe. Alikuwa amepewa pakiti za dawa ya chumvichumvi, akazipeleka nyumbani na kumnywesha mwanawe bila kukosa.

"Mama, pakiti moja uliichanganya na maji kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kikombe kimoja, daktari. Hiki tunachonywea chai."

Pakiti ile ilikuwa ya lita moja. Mtoto alikuwa amenyweshwa chumvi mara kadhaa zaidi ya kipimo, na dawa iliyokusudiwa kumwokoa ilikuwa imeanza kumdhuru.

"Mimi sikusoma," mama akaendelea kwa sauti ya chini. "Nilimpa dada yake, yuko darasa la tatu. Akazitaja herufi moja moja, akashindwa kuziunganisha."

Mtoto alipona baada ya siku kadhaa za uangalizi wa karibu. Sikumlaumu mama wala yule binti. Aliyewakabidhi pakiti alikuwa amedhani kwamba maandishi yatamsemea, na mimi mwenyewe nimewahi kudhani hivyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Tangu usiku ule nimeamini kwamba namna mtoto anavyofundishwa katika madarasa ya mwanzo ni jambo la afya, nasi wahudumu wa afya hatuna ruhusa ya kuwaachia walimu peke yao.

Ndiyo maana nilifuatilia kwa makini jaribio lililofanyika katika Mkoa wa Tanga, vikiwamo vijiji vya wilaya za Handeni na Korogwe. Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano lililoitwa Global Learning XPRIZE, lenye zawadi za jumla ya dola milioni 15 zilizofadhiliwa na Elon Musk. Washindani walitakiwa kutengeneza programu ya kishikwambi itakayomwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu katika muda wa miezi 15. Programu za timu tano zilizofika fainali zilipelekwa Tanga kwa ushirikiano wa UNESCO, Mpango wa Chakula Duniani na Serikali ya Tanzania. Watoto wapatao 3,000 katika vijiji takribani 170 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya Kiswahili, na vijijini vikajengwa vituo vya kuvichaji kwa umeme wa jua.

Hali ya watoto hao kabla ya jaribio inafaa kukumbukwa na kila anayeandika maelekezo ya dawa. Asilimia 74 waliripotiwa kuwa hawajawahi kwenda shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa chochote nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 ushindi uligawanywa kati ya timu mbili, Kitkit School na onebillion, na programu za timu zote tano zikawekwa wazi ili yeyote azitumie na kuziboresha bila malipo.

Matokeo hayo yanatia moyo, na sitaki kuyapunguzia thamani. Mtoto ambaye hakuwa ameshika kitabu alijifunza kwa kugusa herufi, kusikia sauti yake, kukosea bila kuchekwa na kurudia mpaka akaweza. Hata hivyo, nusu nyingine ya hesabu hiyo isisahauliwe. Watoto wengi walimaliza miezi 15 bila kuweza kusoma neno, ingawa kifaa kilikuwa mikononi mwao. Kishikwambi hakiwezi kumuuliza mtoto kama amekunywa uji asubuhi. Hakijui kama sikio lake linatoa usaha au kama herufi anaziona kwa ukungu. Hayo yanahitaji mtu mzima aliye karibu.

Kuna upungufu mwingine ambao yule mama wa wodini alinifundisha. Tuchukulie kwamba binti yake angeweza kusoma maneno "lita moja". Je, angejua lita moja ni maji kiasi gani? Mtoto aliyeiona lita kwenye picha tu anaweza kuitamka vizuri na bado akachukua kikombe. Aliyewahi kumimina maji kwa mkono wake, akahesabu vikombe vingapi vinajaza chupa ya lita, ana ujuzi atakaoukumbuka hata usiku mdogo wake akiwa mgonjwa. Hapa ndipo kazi za mikono zinapokamilisha kile ambacho kioo cha kishikwambi kimeanzisha.

Wazo hili si geni kwetu. Tangu Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, shule zetu zimeagizwa kuunganisha masomo na kazi. Tatizo ni kwamba mara nyingi mtoto alipewa jembe bila kupewa swali. Kazi ya mikono huwa somo pale mtoto anapoulizwa anatarajia nini, akatenda, akaona kilichotokea, kisha akaandika.

Nitatoa mifano miwili inayowezekana katika shule yoyote ya Handeni au Korogwe kwa gharama ndogo.

Wa kwanza ni mbu. Korogwe ina historia yake katika vita dhidi ya malaria: ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Mwanafunzi wa Korogwe anastahili kumjua mbu kwa macho yake. Mwalimu achote maji yenye viluwiluwi kutoka kwenye dimbwi, ayatie katika chupa angavu na kufunga mdomo wake kwa kipande cha chandarua kisichopitisha mbu. Watoto wachore wanachokiona kila siku. Watawaona viluwiluwi wa anofelesi, mbu aenezaye malaria, wakilala sambamba na uso wa maji, na wale wa kuleksi wakining'inia kichwa chini. Katika wiki moja au mbili mbu watatokea, na chupa isifunguliwe mpaka wafe. Kama shule ina kishikwambi, watoto wapige picha kila asubuhi, wazipange kwa tarehe na kuandika sentensi chini ya kila picha. Mtoto aliyeona hayo hahitaji kuhubiriwa sana kuhusu kufukia madimbwi.

Wa pili ni kibuyu chirizi. Handeni ni wilaya yenye shida ya maji ya muda mrefu, na si haki kumwambia mtoto anawe mikono bila kumwonyesha atanawaje kwa maji kidogo. Dumu dogo, kamba, fimbo ya kukanyagia na kipande cha sabuni vinatosha. Watoto wapime maji yanayotumika kwa kunawa mara moja, wahesabu dumu moja linatosha wanafunzi wangapi, kisha wapange zamu ya kulijaza. Hilo ni somo la hesabu, na pia ni kinga, kwani tafiti zinaonyesha kwamba kuhimiza kunawa mikono kunapunguza magonjwa ya kuharisha kwa takribani theluthi moja.

Sasa niwageukie wenzangu wa zahanati na vituo vya afya. Mnapofika shuleni kwa kampeni ya dawa za minyoo au kichocho, ongezeni nusu saa. Muulizeni mwalimu ni mtoto gani anayesogeza daftari au kishikwambi karibu sana na uso, anayekunja macho akitazama ubao, au anayenakili vibaya ilhali anajibu vizuri kwa mdomo. Huyo apimwe macho. Mtoto asiyeitika akiitwa kutoka nyuma, au mwenye sikio linalotoa usaha, apimwe masikio. Wengine huitwa wazito wa kuelewa kwa miaka mingi, kumbe wanahitaji miwani au matibabu ya sikio.

Kwa wazazi wanaoogopa vioo vya kielektroniki, hofu yao ina msingi, ila iwe na kipimo. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Mtoto wa shule ashike kifaa umbali wa mkono uliokunjwa kidogo, apumzishe macho kwa kutazama mbali kila baada ya dakika 20, na acheze nje kwenye mwanga wa mchana kila siku. Kifaa kizimwe kabla ya muda wa kulala.

Mwisho, nawaomba wenzangu jambo moja tunaloweza kulianza kesho. Unapompa mama pakiti ya dawa ya chumvichumvi, usimalize kwa kuuliza, "Umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo. Muulize ana chombo gani nyumbani, mwonyeshe kiasi cha maji, kisha mwombe yeye akuonyeshe. Kama amekuja na mtoto wa shule, mpe huyo pakiti aisome kwa sauti na aoneshe lita kwa chupa. Akishindwa, utakuwa umegundua tatizo wakati mgonjwa bado yuko mbele yako.

Siku ya kuruhusiwa kwa yule mtoto wa miaka miwili, dada yake alikuja wodini. Nilimpa chupa tupu ya lita moja na kikombe, tukajaza pamoja kwenye bomba la wodi. Alihesabu kwa sauti hadi vikombe vinne, akaitazama pakiti, kisha akamwambia mama yake, "Kumbe ni yote hii." Aliomba kwenda na chupa ile nyumbani, nami nikamruhusu.