Ukikata sumaku mpaka mwisho, inabaki nini?

Swali hili niliulizwa nikiwa TP Tabora, kidato cha pili, kipindi cha mwisho, saa ambayo hata mwalimu mwenyewe anasinzia. Nilikuwa nimemaliza kufundisha sumaku kama ilivyo kitabuni: sumaku ina ncha mbili, kaskazini na kusini, ukiikata katikati unapata sumaku mbili, kila moja na ncha zake mbili, ukikata tena, hivyo hivyo. Kijana mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Aliuliza kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya chini, maana darasani tunatakiwa kuongea Kiingereza tu.

"Madamu, na ukiendelea kukata tu, mpaka mwisho, inabaki nini?"

Nikamjibu chapchap, kwa kujiamini kabisa: inabaki sumaku ndogo zaidi, hivyo hivyo mpaka unafika kwenye atomu. Darasa zima likaandika. Kengele ikalia.

Jibu lile halikuwa sahihi. Nimekuja kulijua hilo nikiwa nimesharudi chuoni, nimekaa kimbwetani nasoma kitu kingine kabisa. Makala hii ndiyo jibu nililopaswa kumpa yule kijana. Naliandika hapa kwa sababu wengi wetu tutapangiwa shule zisizo na maabara, na swali kama hili litakuja tu.

Kwanza tuelewane kuhusu udogo. Ukigawa mita moja vipande bilioni moja, kipande kimoja ni nanomita. Unywele wako una unene wa nanomita 80,000 hivi. Ukucha wako unarefuka karibu nanomita moja kila sekunde, kwa hiyo tangu uanze kusoma aya hii umeshaongeza nanomita kadhaa bila kujijua. Mambo ninayotaka kueleza yanatokea kwenye vipande vya chuma vyenye upana wa nanomita 100 kushuka chini.

Sasa njoo Tabora ya zamani. Burton na Speke walipofika tarehe 7 Novemba 1857, mji waliuita Kazeh. Ulikuwa njia panda: mashariki Bagamoyo, magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda. Fikiria msafara wa wapagazi mamia kadhaa unatua hapo jioni. Haukai kama kitu kimoja. Unajigawa kambi kambi, hawa na moto wao, wale na moto wao, na kila kambi imeelekea upande wake.

Kipande cha chuma kiko hivyo hivyo. Kila atomu ya chuma ni sumaku ndogo, kutokana na elektroni zake. Atomu jirani hupenda kuelekea upande mmoja. Lakini kipande kizima kikielekea upande mmoja, kinajaza uga wa sumaku mkubwa nje yake, na hiyo ni gharama ya nishati. Ili kupunguza gharama, chuma hujigawa katika maeneo yanayoitwa domeni. Ndani ya domeni moja atomu zote zimekubaliana. Domeni ya pili imeelekea kwingine. Ndiyo maana msumari wa kawaida hauvuti kitu: domeni zake zinafutana. Ukiusugua na sumaku, domeni zilizoelekea upande wa sumaku zinapanuka na kuzila nyingine, na msumari unaanza kuvuta pini.

Hapo ndipo kitabu cha kidato cha pili kinaishia. Tuendelee kukata.

Mpaka kati ya domeni mbili una unene wake, kwa kawaida makumi ya nanomita, kwa sababu atomu hazigeuki ghafla. Zinapinda kidogo kidogo kutoka mwelekeo huu hadi ule. Chukua magnetiti, ile oksidi nyeusi ya chuma. Chembe yake ikishuka chini ya takriban nanomita 100, mpaka unakuwa hauna faida tena. Ni kama kutaka kujenga ukuta wa kugawa chumba ambacho ukuta wenyewe ndio unakijaza. Chembe inabaki na domeni moja tu, msafara mdogo wenye kirangozi mmoja. Hapa linatokea jambo ambalo sikulitegemea: chembe hiyo ndogo ni mbishi kuliko kipande kikubwa. Kwenye kipande kikubwa unasogeza tu mipaka. Kwenye hii ni lazima ugeuze atomu zote kwa pamoja. Kwa hiyo ukiendelea kukata, mwanzoni sumaku inazidi kuwa na msimamo.

Kata tena. Sasa adui ni joto. Si joto la moto, ni hili hili la kawaida la chumbani, linalofanya atomu zitikisike muda wote. Chembe ikiwa ndogo sana, mtikisiko huo unatosha kuugeuza mwelekeo wake wote, kaskazini ikawa kusini, kisha ikarudi, bila mtu kuigusa. Na mabadiliko haya hayaji polepole. Kwa hesabu za vitabuni, chembe ya kobalti yenye kipenyo cha nanomita 9 itashika mwelekeo wake kwa takriban miaka 100. Ipunguze hadi nanomita 6.8, itausahau ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Tofauti ya nanomita mbili na ushee, yaani sekunde mbili za ukucha wako, ndiyo inayotenganisha umri wa babu mzee sana na kupepesa jicho.

Kwa hiyo jibu ni hili: ukikata sumaku, kwanza inazidi ubishi, halafu inakuwa sahaulifu. Bado ni sumaku kila dakika unayoichungulia, ila haina msimamo. Wanafizikia wanaiita hali hiyo supaparamagneti.

Aliyeweka hesabu hizi sawa ni Mfaransa Louis Néel, mwaka 1949, na alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1970 kwa kazi zake za usumaku. Kilichonifurahisha ni kwamba kazi yake ile ya 1949 haikuhusu kompyuta. Ilihusu, pamoja na mambo mengine, udongo uliochomwa. Yaani vyungu na matofali.

Ukiwa Tabora tanuri za matofali unazikuta kila kona. Udongo una oksidi za chuma, ndiyo maana tofali likiiva linakuwa jekundu. Moto ukizidi nyuzi 580 za Selsiasi, magnetiti iliyomo inapoteza usumaku wake wote. Tanuri likipoa, zile chembe ndogo zinaurudisha, na zinapoganda zinaelekea upande wa uga wa sumaku wa dunia wa siku ile. Zilizo na ukubwa wa kutosha haziusahau tena kwa maelfu ya miaka. Wataalamu hupima vyungu na kuta za tanuri za kale ili kujua uga wa dunia ulivyokuwa zamani. Wasumbwa waliofua majembe yaliyouzwa kwa wingi soko la Tabora, majembe yaliyotumika hadi kulipia mahari, walichoma kuta za namna hiyo hiyo kila walipoyeyusha chuma. Speke naye alitembea njia ile na dira mkononi, akipita juu ya udongo uliokuwa na dira zake humo humo.

Turudi kwenye mambo ya leo. Diski kuu ya kompyuta, ile inayozunguka, huhifadhi kila herufi ya tasnifu yako kwa mwelekeo wa vichembe vya sumaku vyenye upana wa nanomita chache tu. (Flashi na simu hazitumii njia hiyo, tusichanganye, ila seva kubwa nyingi zinazotunza data zetu bado zina diski za namna hii.) Watengenezaji wanataka chembe ndogo zaidi ili data nyingi ziingie. Néel anawaambia: mkipita hapa, kazi ya mwanafunzi itajifuta yenyewe. Ndiyo maana wanatafuta aloi za chembe mbishi zaidi badala ya kupunguza ukubwa tu.

Kusoma chembe hizo nako kulihitaji unano. Mwaka 1988 Albert Fert nchini Ufaransa na Peter Grünberg nchini Ujerumani, kila mmoja na kundi lake, waligundua kwamba ukipanga tabaka za chuma na kromiamu zenye unene wa nanomita chache, ukinzani wa umeme unabadilika sana tabaka za chuma zikibadili mwelekeo wa usumaku. Mwaka 1997 IBM wakaingiza ugunduzi huo sokoni kwenye vichwa vya kusomea diski. Nobel ikafuata mwaka 2007. Miaka tisa kutoka maabara hadi dukani. Sijui silabasi yetu itachukua mingapi.

Na zile chembe sahaulifu? Nazo zina kazi, tena hospitalini. Kwa kuwa zikiachwa peke yake hazishikani zenyewe kwa zenyewe, unaweza kuziweka kwenye majimaji bila kuganda mabonge. Ukileta sumaku zinaitika wote kwa pamoja, ukiiondoa zinatawanyika. Maabara huzipaka kingamwili zinazonasa seli fulani au kirusi fulani, kisha sumaku inavuta kile kilichonaswa na mengine yanamwagwa. Chembe za oksidi ya chuma zimetumika pia kuifanya picha ya MRI ionekane vizuri zaidi.

Sasa nifike kwa yule kijana. Wiki iliyofuata hakuja. Wenzake walisema ana malaria, na walilisema kama unavyosema mtu ameenda sokoni. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, asilimia 8 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini walikutwa na malaria. Tabora ilikuwa asilimia 23, juu kuliko mkoa mwingine wowote.

Malaria na sumaku vinakutana kwenye damu, ila tahadhari: damu yako yenye oksijeni haivutwi na sumaku ingawa ina chuma. Linus Pauling na Charles Coryell walionyesha mwaka 1936 kwamba husukumwa, tena kidogo sana. Lakini kimelea cha malaria kikiingia ndani ya seli nyekundu, kinakula hemoglobini. Kinachobaki ni hemu, sehemu yenye chuma, ambayo ni sumu kwake. Kwa hiyo anaifungasha kuwa fuwele ndogo za rangi ya kahawia, zenye urefu wa mamia ya nanomita, zinazoitwa hemozoini. Hizi si sumaku kama magnetiti. Kila atomu ya chuma humo inafanya mambo yake peke yake. Ila zinavutwa kidogo na sumaku kali, na seli yenye afya haivutwi. Kimelea anaacha takataka yenye saini.

Takataka hiyo ndiyo iliyomuumbua tangu mwanzo. Livingstone alikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, hadi Agosti 1872, akiwa na vidonge vyake vya kwinini, wakati watu bado wanaamini homa inatokana na hewa mbaya ya mabwawa. Miaka minane baadaye, mwaka 1880 huko Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa akichunguza vichembe hivyo vya rangi kwenye damu ya wagonjwa alipokiona kimelea chenyewe.

Leo maabara za utafiti hupitisha damu kwenye mrija wenye nyuzi za chuma katikati ya sumaku kali, na seli zenye hemozoini zinabaki humo. Na jirani zetu wamekwenda mbali zaidi. Brian Gitta wa Uganda na wenzake walitengeneza kifaa walichokiita Matibabu, kinachobanwa kwenye kidole na kutumia mwanga na sumaku kutafuta dalili za malaria bila kutoa damu. Mwaka 2018 kilishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Wakati huo Gitta alikuwa na miaka 24, miwili tu zaidi yangu. Kifaa kilikuwa bado kwenye majaribio, na njia hii ina ugumu wake: kimelea mchanga bado hajatengeneza hemozoini ya kutosha kuonekana. Kwa hiyo ukijisikia homa nenda kapime kwa kipimo cha kawaida, usisubiri sumaku. Lakini vipimo vingi vya haraka vinatafuta protini ya kimelea, na Pembe ya Afrika tayari kuna vimelea visivyoitengeneza protini hiyo. Kimelea anaweza kuacha protini. Kuacha kula damu hawezi.

Kwa wenzangu mnaokwenda TP: beba sumaku ya spika ya redio mbovu, mafundi wanazitupa. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, wapeleke wanafunzi kwenye korongo baada ya mvua, waipitishe kwenye mchanga. Mchanga mweusi utakaong'ang'ania kwa sehemu kubwa ni magnetiti. Igeuze mfuko, itoe sumaku, mchanga unadondoka kwenye karatasi. Hakuna maabara inayohitajika. Halafu uliza swali la yule kijana kabla hajakuuliza yeye.

Alirudi baada ya siku sita, amekonda, akadai daftari la mwenzake anakili alivyokosa. Humo kuna jibu langu, limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Mwalimu wa fizikia wa pale nimeshampigia simu nikamwomba arekebishe. Alicheka, akasema, "Mwanangu, andika vizuri unitumie, na mimi nilikuwa nawafundisha hivyo hivyo." Nimemtumia hii.