Mtandao wa Utafiti na Tiba ya Uraibu

Elimu ya wataalamu yaweza kukaa vitabuni miaka mingi bila ya kumfikia mgonjwa. Mwaka wa 1998 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa taarifa juu ya pengo hilo katika tiba ya uraibu wa dawa za kulevya. Na mwaka wa 1999 Serikali ikaanzisha mtandao wa kuunganisha vyuo vikuu na zahanati za mitaani. (Neno mtandao hapa lisidhaniwe ule wa kompyuta; maana yake ni ya asili, kitu kilichotandaa.) Majaribio yalifanywa ndani ya zahanati hizo, na washauri wa humo, kwa wagonjwa wao wa kila siku.

Tutazame jaribio moja. Nancy Petry alibuni njia ya bakuli lenye vikaratasi 500. Mgonjwa ambaye mkojo wake hauonyeshi dawa huchota. Nusu ya vikaratasi vina neno la pongezi tu. Vingi vilivyobaki vina zawadi ya kama dola moja, vichache dola 20, na kimoja tu zawadi kubwa. Kila juma apitishalo bila ya dawa humwongezea idadi ya kuchota. Akiteleza, hurudi mwanzo. Njia hii ilijaribiwa katika zahanati nane, kwa watu 415 waliotumia kokeini au vichangamshi vingine. Matokeo yalichapwa mwaka wa 2005: katika kila 100 waliochota, 49 walidumu katika tiba majuma yote 12, kwa wenzao wasiochota, 35.

Hata hivyo, wako washauri waliochukizwa: vipi mtu alipwe kwa jambo limpasalo? Wengine wakaona hiyo ni kamari. Shaka hii ya pili haikuwa ya kupuuzwa, na Petry, ambaye mwenyewe alikuwa mchunguzi wa maradhi ya kamari, aliipima na wenzake. Hawakuona kamari kuzidi. Ile ya kwanza, kwa maoni yangu, haijibiki kwa hesabu.

Lakini kizuizi kikubwa kilikuwa fedha, maana mtafiti akiondoka, nani atanunua zawadi? Idara ya Askari Wastaafu, yenye hospitali na hazina yake, ilianza kuieneza njia hii mwaka wa 2011. Zahanati ndogo zilikawia, hata California ilipoanza mwaka wa 2023, ikiwa ya kwanza kati ya majimbo, kulipia zawadi za namna hii kwa bima ya maskini, bila ya bakuli.