Asili ya Maneno (5): Iglesia, Kiliziya na Watu Walioitwa

Tangu ukaguzi wa mwaka 2024 ulipofunga maelfu ya nyumba za ibada nchini Rwanda kwa kukosa viwango, mazungumzo ya waumini yamekuwa ya milango na kufuli. Kabla ya kubishana juu ya majengo, turudi kwenye chanzo cha neno lenyewe, kwa Wagiriki.

Mhispania huita kanisa iglesia. Neno hilo ni ekklesia ya Kigiriki, iliyopitia Kilatini ecclesia. Mfaransa akapata église, na Kinyarwanda kikapata Kiliziya. Church ya Mwingereza ilitoka kwa neno jingine la Kigiriki, kyriakon, yaani "cha Bwana". Lakini akitaja mambo ya makasisi husema ecclesiastical, na hapo undugu na iglesia hudhihirika.

Ekklesia haikuwa jengo. Ek ni "kutoka", kalein ni "kuita". Ulikuwa mkutano wa raia wa Athens, uliofanyika mahali pa wazi kwenye kilima cha Pnyx. Baadhi ya maamuzi mazito yalihitaji watu 6,000. Wazembe waliobaki sokoni walisukumwa kwa kamba iliyopakwa rangi nyekundu, na doa kwenye vazi likawaumbua. Wanawake na watumwa hawakuitwa, na hiyo ilikuwa dhuluma. Baadaye Wayahudi waliotafsiri Maandiko kwa Kigiriki walilitumia neno hilo kwa kusanyiko la Israeli, na Wakristo wakalirithi. Hata kanisa, lililotufikia kwa Kiarabu kutoka Kiaramu, asili yake ni kukusanyika.

Hapa kwetu Rusizi, iglesia na Kiliziya zina kiungo kingine. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifungua misheni ya Mibirizi mwaka 1903. Miaka michache baadaye ililetwa huko kahawa kutoka Guatemala, na aina hiyo hadi leo huitwa Mibirizi. Hivyo mkulima wa Guatemala anayesali katika iglesia na mwenzake wa Rusizi anayekwenda Kiliziya wanashiriki neno moja na mbuni mmoja.

Basi jengo likifungwa, kusanyiko halijafa. Lakini anayeita watu chini ya paa bovu, pasipo choo wala njia ya kutokea moto ukizuka, amewadharau aliowaita; atengeneze kwanza. Nasi tunaolalamikia kufuli tujiulize: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umuganda, kazi ya pamoja ya jamii, unapoitwa, tunaitika?

Wiki ijayo: teolojia, elimu ambayo sheria ya mwaka 2018 inawadai viongozi wa dini wenye kusimamia wengine wawe na shahada au cheti chake.