Mwanafunzi Asiyeona katika Kipindi cha Kiswahili

Makala haya yanajadili ujumuishaji wa wanafunzi wasioona katika shule za upili za kawaida nchini Kenya, hususan katika kipindi cha Kiswahili. Kisheria, suala la kuwapokea si la kubishaniwa tena. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2003 ilizikataza taasisi za elimu kumnyima mtu nafasi kwa sababu ya ulemavu wake pekee, nacho Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kikampa haki ya kusomea katika taasisi zilizojumuishwa katika jamii na haki ya kutumia Breli. Hata hivyo, kupewa dawati siko kufundishwa.

Tuanze na kauli za mwalimu. "Tazameni hapa: kiambishi hiki kinatokana na nomino ile." Vionyeshi hivyo, ambavyo sisi wanafunzi wa isimu tumezoea kuviainisha kwa umbali wa kitu kutoka kwa msemaji, humhitaji msikilizaji anayeuona mkono wa msemaji. Kwa asiyeona, sentensi nzima haina kiambishi wala nomino. Dawa yake haihitaji bajeti: mwalimu akitamke kila anachokiandika ubaoni. Wanaoketi nyuma darasani watanufaika pia.

Ushairi ndio unaolidhihirisha tatizo zaidi. Vina na mizani ni mali ya sikio. Mwanafunzi asiyeona huihesabu mizani 16 ya mshororo wa tarbia bila msaada wa yeyote. Umbo ni kesi nyingine. Herufi ya Breli huundwa kwa nukta zisizozidi sita, na ukubwa wake haupunguzwi ovyo kwa kuwa ni sharti ipapaswe kwa ncha ya kidole. Kwa hiyo mshororo mrefu huenda usienee katika mstari mmoja; hukatika, na mpangilio wa ukwapi na utao ukavurugika. Magumu zaidi ni mashairi kama baadhi ya yale ya Kithaka wa Mberia, ambayo maana yake hujengwa pia na jinsi maneno yalivyopangwa ukurasani. Kumwuliza mwanafunzi huyu kuhusu umbo ambalo hakuelezwa ni kumpima macho, si fasihi. Mwalimu akilieleza kwa maneno, au akilichora kwa uzi uliobandikwa kwenye kadibodi, swali hilo huwa halali.

Kisha kuna kusahihisha. Insha iliyopigwa kwa mashine ya Breli husomwa na anayeijua Breli, ama hunukuliwa upya kwa maandishi ya kawaida. Pale ambapo mwalimu wa elimu maalum ni mmoja, yeye ndiye hunukuu kazi za vidato vyote na masomo yote, hisabati na kemia zikiwemo. Insha ya Jumatatu ikirudi baada ya majuma mawili, wenzake wamekwisha kuingia mada nyingine, na masahihisho hayamfai tena.

Kwa maoni yetu, mwalimu wa Kiswahili mwenyewe ajifunze Breli. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya (KISE), iliyoanzishwa mwaka 1986, huwafunza walimu wa fani hii, na anayeona huweza kuzisoma nukta hizo kwa macho tu. Mwalimu aijuaye Breli huisahihisha insha jioni ileile, kisha akapiga maoni yake kwa nukta zizo hizo, mwanafunzi akayasoma mwenyewe.